Kazi unaiweza, mbona wajiona mwizi?

MIAKA kadhaa iliyopita nilikuwa pale Gede, katika ofisi za mradi wa Kipepeo zilizo kando ya magofu ya mji wa kale, nikimsubiri mwenyeji wangu. Akaingia mama mmoja wa makamo, amejitanda leso, mkononi ana kijikopo cha plastiki kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na pupa, yaani yale maganda ambamo kiwavi hujifungia kabla ya kutoka akiwa kipepeo. Kijana aliyekuwa mezani alizipokea, akaanza kuzikagua moja moja, akizigeuza taratibu kama mtu anayechagua mayai. Alipomaliza alisema zote ni nzima. Hata moja haikukataliwa.

Nikampongeza yule mama. "Mama, hizi zote umezifuga wewe mwenyewe?"

Akatazama chini. "Ah, ni bahati tu, mwanangu. Mimi sijui lolote. Sikusoma."

Jibu lile lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu kufuga kipepeo si mchezo wa kubahatisha. Kwanza sharti uujue mti. Kila aina ya kipepeo ina majani yake, na kiwavi wake yuko tayari kufa njaa kuliko kula majani ya mti mwingine. Kisha umkamate jike msituni bila kumvunja mbawa, umtie ndani ya neti pamoja na mti anaoutaka, na ungoje atage mayai madogo kuliko punje ya ulezi. Mayai yakianguliwa, kazi ndiyo kwanza yaanza: sisimizi wanawataka viwavi hao, nyigu wanawataka, mjusi naye yuko juu ya paa anatazama. Majani yakinyauka, umepoteza. Ukiwasonganisha mahali pamoja, ugonjwa utawapitia wote usiku mmoja.

Hata wakishakuwa pupa hujamaliza. Pupa wa aina nyingi hukaa takriban wiki mbili tu kabla ya kipepeo kutoka, na katika muda huo sharti asafiri kutoka kijijini hadi Gede, akaguliwe, afungwe kwenye boksi, apande ndege, na afike katika nyumba za maonyesho ya vipepeo huko Ulaya au Marekani akiwa bado amelala. Ukichelewa siku chache, mnunuzi atafungua boksi akute mbawa zilizokunjamana.

Mtu anayefanya haya mwezi baada ya mwezi, na pupa wake wakapita ukaguzi, anawezaje kusema ni bahati? Bahati gani hiyo isiyokosea tarehe?

HOFU YA KUFICHULIWA

Nimeanza na mama wa Gede, lakini yamkini msomaji unamfahamu mwingine wa namna hii, na huenda humfahamu mwingine ila wewe. Ni yule muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi na angali akiingia zamu huku moyo ukimdunda, akihofu kwamba leo ndiyo siku watakayogundua kuwa hajui kitu. Ni kijana wa Kaloleni aliyepata nafasi chuo kikuu, akaketi nyuma kabisa, akisadiki kuwa jina lake liliingizwa orodhani kwa makosa ya karani. Ni mwalimu aliyepata barua ya kupandishwa cheo akaificha chini ya godoro wiki tatu.

Watu hawa si wavivu, wala si wajinga. Aghalabu ndio wanaofanya kazi kuliko wenzao. Lakini ndani yao kuna sauti inayowaambia kwamba wameketi kwenye kiti cha mtu, na mwenyewe yuko njiani anakuja.

Wataalamu wawili wa saikolojia nchini Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, ndio waliolipa jambo hili jina na kuliandika kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1978. Walikuwa wamezungumza na wanawake zaidi ya 150, wengine wanafunzi hodari, wengine wakiwa tayari na shahada kubwa na vyeo vya heshima. Mtu wa nje angedhani hawa hawana wasiwasi wowote duniani. Kumbe wengi wao waliamini wameupata ufanisi wao kwa udanganyifu: mtihani ulikuwa rahisi, mwalimu aliwapenda, waliowachagua walikosea. Sifa zote walizopata walizitafutia mlango wa kutokea, zisije zikaingia ndani zikakaa.

Clance na Imes walieleza vizuri jinsi mzunguko huo unavyojilisha wenyewe. Mtu anapewa kazi, anaingiwa na hofu, anakesha akijiandaa mara tatu zaidi ya inavyohitajika. Kazi inakwenda vizuri. Badala ya kusema "naweza", anasema "nimeponea kwa kukesha". Kwa hiyo kazi ijayo itabidi akeshe tena. Hata apate mafanikio mia moja, hayamsaidii kitu, kwa kuwa kila moja limekwisha andikwa katika hesabu ya mtu mwingine.

Hofu hii haimo katika orodha ya magonjwa ya akili, na waliotafiti baadaye waliikuta kwa wanaume pia. Nadhani wanaume wetu huku Pwani huificha tu kwa kusema kwa sauti kubwa.

Hapo nyumbani nako kuna sehemu yake. Wataalamu hao waliona familia za aina mbili zilizowalea wanawake hawa. Katika ya kwanza, mtoto mwingine ndiye aliyekwisha kutawazwa kuwa mwenye akili, na huyu akaambiwa yeye ni mpole, ni msaidizi wa mama. Hata akileta matokeo mazuri, nyumba nzima inashangaa kwanza ndipo inafurahi. Katika ya pili, mtoto ameambiwa tangu utotoni kwamba yeye hashindwi na kitu, basi siku anapokutana na hesabu ngumu anajiona amewadanganya wazazi wake wote wawili. Mzazi unayesoma, jiulize kwako ni ipi. Lile neno "leo umebahatisha" tunalomrushia mtoto kwa mzaha anaporudi na alama nzuri, halipotei angani.

"TUNAJARIBU TU"

Hapa sina budi kusimama kidogo, kwa kuwa mtu wa Pwani ataniuliza: je, mama yule hakuwa na adabu tu?

Swali la haki. Kwetu sisi mtu akisifiwa hujibu "Alhamdulillahi", au "Ni Mungu tu", au "Tunajaribu, ndugu yangu". Anayejisifu mwenyewe hupewa jina la maringo, na likishampata haliondoki. Isitoshe kuna kijicho. Mwenye mbuzi wengi hapendi wahesabiwe mbele ya watu, na mama mwenye mtoto mwenye afya hapendi asifiwe sana mtoto huyo hadharani. Kukana neema ni njia mojawapo ya kuilinda. Mila hizi zina hekima yake na wala sizikejeli; kuna ofisi nyingi Nairobi ambazo zingenufaika wakubwa wake wakijifunza kusema "tunajaribu tu".

Tofauti ni hii. Baada ya kusema maneno ya adabu, moyoni unaamini nini? Kuna kipimo kimoja nilichokiona kwa mafundi, nacho ni bei. Fundi wa jahazi ukimsifu atasema "tunajaribu", lakini mwambie apunguze malipo kwa nusu, utaona atakavyokutazama. Adabu iko mdomoni, na thamani ya mkono wake anaijua. Mwingine anasema maneno yayo hayo, na ukimwambia apunguze anapunguza, tena anashukuru, kwa sababu ameyaamini aliyoyasema. Huyu wa pili ndiye ninayemwandikia.

Nina ushahidi wa kwangu mwenyewe. Nikiwa bado mbichi katika kazi ya uandishi, shirika moja, ambalo jina lake nalihifadhi, liliniita hotelini Malindi kutafsiri mkutano wa siku mbili kati ya wageni na wazee wa vijiji. Kiingereza, Kiswahili, na wazee walipokasirika wakahamia Kigiriama. Sikulala usiku ule. Mkutano ukaenda vyema kabisa, wazee wakaridhika, wageni wakafurahi. Kiongozi wa msafara akanishika mkono akisema hajawahi kupata mtafsiri kama mimi. Nami, kwa unyenyekevu wangu wote, nikamjibu kwamba ilikuwa bahati, maneno yalikuwa mepesi, na siku nyingine huenda nisiweze.

Miezi minne baadaye walifanya mkutano mwingine. Walimwita mtu mwingine. Nilipokutana na karani wao sokoni nikamwuliza kwa nini, akanijibu bila hila yoyote: "Si wewe mwenyewe ulisema siku nyingine huenda usiweze? Mkubwa aliogopa."

Sikuwa na la kumlaumu mtu. Waliniamini.

MALIMU WA MALINDI

Mwenyeji wa Malindi anaujua mnara wa Vasco da Gama, ule wenye msalaba unaotazama bahari. Kila mgeni hupelekwa pale apigwe picha. Lakini kisa cha Mreno yule kina mtu mwingine ambaye hana mnara, nami naona ndiye mwenye somo letu.

Da Gama aliingia Malindi katikati ya Aprili 1498. Alikuwa ameizunguka Afrika nzima, lakini bahari iliyokuwa mbele yake hakuijua. Sultani wa Malindi akampa malimu, yaani mwelekezi wa chombo. Wareno wenyewe katika maandishi yao wamemwita "Malemo Cana", na mswahili akilisikia hilo "Malemo" hahitaji kuambiwa ni neno gani. Walioandika wamesema alikuwa Mwislamu wa Gujarati. Kwa muda mrefu watu walidhani ni Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa elimu ya bahari wa Uarabuni, lakini wataalamu wengi wa leo hawakubaliani na hilo.

Mwandishi Mreno João de Barros, aliyechapisha kitabu chake mwaka wa 1552, anasimulia kwamba Da Gama alimwonyesha malimu huyo chombo kikubwa cha mbao cha kupimia jua, pamoja na vingine vya chuma. Bila shaka alitarajia kuona mshangao. Malimu hakushangaa. Alisema mabaharia wa Bahari ya Shamu nao wana vyombo vyao vya shaba vya kupimia jua na nyota, akaeleza vilivyo umbo lake.

Fikiria hali ile, msomaji. Umezungukwa na watu wenye mizinga, wanakuonyesha chombo ambacho hujapata kukiona cha namna ile, na wanakutazama usoni waone utakavyotahayari. Wengi wetu tungesema, "Lo, kumbe sisi hatujui kitu." Yeye aliangalia kile chombo kinafanya kazi gani, akagundua kazi hiyo anaijua, basi.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili. Tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut, chini ya mwezi mmoja, kwa kuwa malimu aliujua msimu na upepo wake. Katika kurudi Da Gama hakuwa naye, na aliondoka bila kungoja upepo wa kumrudisha. Safari hiyo hiyo ya kuvuka bahari ilimchukua karibu miezi mitatu, kutoka mwanzo wa Oktoba 1498 hadi mwanzo wa Januari 1499, na mabaharia wapatao 30 walikufa njiani, wengi kwa ugonjwa wa fizi. Hapo ndipo unapopima elimu ya mtu: kwa siku 26 dhidi ya miezi mitatu.

MASHAKA YA KUPANDIKIZWA

Kuna jambo linanikera katika makala nyingi zinazoandikwa juu ya hofu hii. Zinamlaumu mwenye hofu. Zinamwambia ajiangalie kwenye kioo kila asubuhi na kujiambia kwamba yeye ni simba. Lakini si kila shaka huota yenyewe moyoni, nyingine hupandwa na watu. Mwaka wa 2021 waandishi wawili wa Marekani, Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey, waliandika makala iliyosomwa sana wakisema tuache kuwaambia wanawake kwamba wana tatizo hili, tutazame kwanza mahali wanapofanyia kazi. Kama kila ukifungua kinywa mkutanoni unakatizwa, na wazo lako likisemwa na mwingine linapigiwa makofi, basi kujiona mgeni pale si maradhi. Umeona sawasawa.

Watu wa Kilifi wanalijua jambo hili. Mara ngapi mzee ameitwa kwenye semina kuhusu msitu aliozaliwa kando yake, akawekwa kiti cha nyuma, akasikiliza siku nzima lugha asiyoielewa, mwisho akaombwa afunge kwa sala?

Chukua kisa cha mnana wa Kilifi, ndege mdogo wa manjano na meusi ambaye hapatikani kwingine duniani ila katika sehemu hizi zetu. Wanasayansi walimjua tangu 1913. (Ndio mwaka ule ule Mekatilili wa Menza alipowakusanya Wagiriama dhidi ya Waingereza, mwanamke asiye na cheo chochote cha serikali wala barua ya kuteuliwa na mtu.) Walimwona katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wakamwona Dakatcha huko kaskazini-magharibi ya Malindi, lakini kwa miaka 100 hakuna aliyeweza kuandika ndege huyu hujenga wapi kiota. Msimu wa kutaga ukifika alikuwa akipotea tu.

Viota vyake vilipatikana mwaka wa 2013, katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, katikati ya nyasi za majini. Miongoni mwa waliovipata walikuwamo wanachama wa kikundi cha wanavijiji wanaohifadhi msitu huo. Kinamasi hicho hakikuwa siri kwa waliozaliwa karibu nacho. Walikijua kinajaa lini na kukauka lini.

Arabuko-Sokoke nako kuna watembeza-wageni kutoka vijiji vya jirani wanaoweza kumtambua ndege kwa mlio kabla hajaonekana, na kumwonyesha mgeni bundi wa Sokoke, kibundi mdogo ambaye sayansi ilimtambua miaka ya 1960 tu, akiwa amelala mchana ndani ya kichaka ambacho wewe na mimi tungekipita mara kumi. Watu wenye shahada za juu huja kutoka mbali na kutembea nyuma yao. Msitu wenyewe ni wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote ya aina yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Mradi wa Kipepeo ulipoanzishwa mwaka wa 1993 na mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon, majirani wengi walitaka msitu ule ukatwe wagawiwe mashamba. Mradi ulikuja na hoja ya ajabu: kwamba msitu uliosimama unaweza kumlisha mwanakijiji kwa kuuza wadudu, na kwamba wafugaji watakuwa wakulima wale wale, si wataalamu kutoka kwingine. Si ajabu kama watu walicheka. Lakini mkulima aliyewahi kupigana na viwavi kwenye mndimu wake alikuwa tayari na nusu ya elimu hiyo. Alikuwa akiitumia kuwaua.

Na kwa kuwa tumetaja vipepeo, humo msituni yumo mdanganyifu halisi. Sayansi inamwita Papilio dardanus. Dume lake lina rangi ya manjano na mkia nyuma ya mbawa. Majike wake wengi hawafanani naye hata kidogo, kwani wamejivika rangi za vipepeo wengine ambao ni wachungu na wenye sumu, ili ndege wawaogope. Wamo wanaoiga kipepeo huyu, na wengine wanaoiga yule. Wala hawana sumu yoyote. Kama yuko kiumbe mwenye haki ya kuogopa kufichuliwa basi ni huyu, naye huruka mchana kweupe.

DAFTARI

Basi mwenye hofu hii afanye nini? Nitataja mambo mawili waliyoyatumia Clance na Imes kwa wanawake waliowatibu, kwa kuwa ni mepesi na hayana gharama.

La kwanza ni daftari. Kila unaposifiwa au kazi yako inapokubaliwa, andika: nani alisema, alisema nini hasa, kuhusu kazi gani. Halafu, na hapa ndipo penye siri, andika pia wewe ulilikataa vipi neno lile. "Nilimwambia ni bahati." "Nilijiambia ananionea huruma." Baada ya mwezi mmoja soma upande ule wa pili peke yake. Mimi nilifanya hivyo baada ya kisa cha Malindi, nikakuta nimeita bahati mambo kumi na moja. Niliona haya mbele ya daftari langu mwenyewe. Asiyeandika ahesabu: pupa wangapi wamepokelewa mwezi huu na wangapi wamekataliwa, wazazi wangapi wamejifungua salama mikononi mwangu, nguo ngapi nilizoshona hazikurudishwa. Hesabu haina adabu wala maringo.

La pili ni la mawazo. Wataje moyoni watu wote unaodhani umewadanganya, mmoja mmoja, kisha jione ukienda kwao kuungama. Tuseme wewe ni yule mwalimu wa barua chini ya godoro. Jione umeketi mbele ya mkaguzi aliyekupendekeza, unamwambia: "Bwana, nilikudanganya. Mimi si mwalimu mzuri." Sasa msikilize atakavyojibu. Nina hakika hatakuhurumia. Atakasirika. "Yaani mimi nimekagua madarasa miaka ishirini, simjui mwalimu mzuri nikimwona?" Hapo utagundua jambo ambalo wengi wetu hatulioni: unyenyekevu wako, ukiuchunguza, umemfanya kila aliyekuamini kuwa mpumbavu.

Sisemi kila mwenye shaka ni hodari asiyejijua. Wapo tusioweza kazi kwelikweli, na wapo wasioweza na wasiojua kuwa hawawezi. Mwaka wa 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti wao ulioonyesha kwamba waliofanya vibaya zaidi katika majaribio ya mantiki na sarufi ndio waliojidhania wako juu ya wastani. Aliyewahi kuuziwa safari ya kwenda kuona pomboo Watamu na nahodha wa siku moja hahitaji kusomewa utafiti huo. Kwa hiyo shaka kidogo ni chumvi. Ukikosea, kubali umekosea jambo hilo moja, ujifunze. Mkunga anayeogopa kidogo ndiye anayenawa mikono mara mbili. Tatizo ni pale shaka inapoacha kuuliza "nimefunga neti vizuri?" na kuanza kuuliza "mimi ni nani hata nifuge?"

Nirudi Gede. Yule mama alipoketi kungoja malipo yake, niliona kumsifu hakusaidii, kila sifa aliitupa chini. Nikamwuliza swali la kazi tu. "Mama, kiwavi akiacha kula ghafla, wewe hufanyaje?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi inatiwa lini.

"Ameachaje? Maana kuacha kuko kuwili. Akiacha kula na akaanza kuzunguka huku na huku, huyo ameshiba, anatafuta pahali pa kujining'iniza, mwache. Lakini akiacha na amelegea, rangi inaingia weusi, huyo ni mgonjwa. Huyo umtoe mbio na lile jani lake, na wewe unawe mikono kabla hujagusa wengine. Wengi wanakosea hapo. Wanamhurumia mmoja, asubuhi wamekufa wote."

Akaendelea. Akanieleza kwa nini jike hatagi siku ya mawingu, na kwamba yeye huwafungia alfajiri ili jua likitoka liwakute wako tayari tayari. Akanieleza mti gani hupukutisha majani wakati wa kaskazi na upi wa kuwekea akiba. Jirani yake mmoja, akasema, alipoteza wote kwa sababu ya moshi wa jikoni, naye ndiye aliyekwenda kumhamishia banda lake upande wa pili wa nyumba. Alisema karibu nusu saa. Kijana wa mezani alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza.

Kisha akatazama nje kupitia dirishani, akaona wingu linajikusanya upande wa Mida, akasimama kujifunga leso.

"Niwahi," akasema. "Kuna watatu nimewaacha kwenye neti, na hawapendi mvua."